Maiti na Sauti Yake



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad s.a.w., leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wengi wa msikitini hudhani kuwa haliwahusu. Jambo lenyewe ni namna wanavyokumbukwa waimbaji mashuhuri baada ya kufa kwao. Najua wapo watakaosema: "Sheikh, waimbaji wana watu wao. Sisi tuachie Qurani yetu na hitima zetu." Lakini subiri kidogo, ndugu yangu, uyatazame majina. Siti binti Saad, Salum Abdallah, Mbaraka Mwinshehe, Hemedi Maneti, Marijani Rajab, Muhidin Maalim Gurumo, Shaaban Dede. Je, majina haya yalitoka katika nyumba za nani? Hawa ni watoto wa nyumba zetu. Basi mambo ya maiti wao ni mambo yetu, tupende tusipende.

Naandika haya kutoka Tunduma, mkoa wa Songwe, uliokatwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ninyi mlioko Tanga, Mombasa, Unguja na Kilwa huenda mkaona kuwa Tunduma ni mbali na habari za dansi na taarabu. Sivyo. Barabara itokayo Dar es Salaam hufika hapa baada ya kilomita zaidi ya 900, na ng'ambo ya mpaka ni Nakonde ya Zambia. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, nayo hupita hapa ikielekea Kapiri Mposhi. Malori hupanga foleni yakingoja karatasi za forodha, na mtu anayengoja hutafuta cha kusikiliza. Kwa hiyo kila sauti iliyopata kuimbwa Pwani, Morogoro au Kongo hatimaye hupita katika mji huu. Utamsikia Mbaraka katika gari moja na Franco katika gari la pili, na wote wawili wamo makaburini, Mbaraka tangu 1979 na Franco tangu 1989. Ukisimama hapa saa moja, utawasikia waimbaji waliokufa wengi kuliko walio hai.

Zamani mtu akifa alikufa na sauti yake. Leo mwenyewe huzikwa, na sauti ikabaki juu ya ardhi ikiimba, ikichekesha, ikiuza soda na bia. Hapo ndipo panapozuka suala letu: huyu maiti, ambaye sauti yake ingali mikononi mwetu, ana haki gani juu yetu? Mimi naona ana haki tatu. Ya kwanza iko katika ndimi zetu, ya pili iko katika habari zake, na ya tatu iko katika mali yake. Na nionavyo, namna tunavyowakumbuka waimbaji siku hizi huzivunja zote tatu, ingawa tunaita jambo hilo kuwaenzi.

Kabla ya kuendelea, nisifahamike vibaya. Katika ala za muziki maulamaa wamehitilafiana tangu zamani. Wengi wao, na wengi katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, wamezikataza ala za nyuzi na nyingi za kupuliza. Ibn Hazm wa Andalus aliziona hadithi za makatazo hayo kuwa dhaifu. Imam Ghazali naye, katika Ihya, aliweka mlango mzima juu ya kusikiliza, akapambanua baina ya wimbo na wimbo na baina ya msikilizaji na msikilizaji. Mimi niko pamoja na wale wengi, wala siandiki haya ili nimfungulie mtu mlango wa dansi. Lakini hukumu ya gitaa ni jambo moja, na haki ya maiti aliyelipiga ni jambo jingine. Anayeyachanganya mambo haya mawili huishia kudhulumu huku akidhani anaitetea dini.

Tuanze na ulimi.

Wapo kati yetu ambao, wakisikia kuwa mwimbaji fulani amekufa, neno lao la kwanza ni kejeli. "Haya, na akaimbe huko aendako." Hili ni neno baya, na msemaji wake hajui kuwa analiandikisha katika daftari lake mwenyewe. Mtume s.a.w. ametukataza kuwatukana wafu, na sababu aliyoitoa ni kuwa wao wamekwisha kuyafikia yale waliyoyatanguliza. Hesabu yao imeondoka mikononi mwa watu. Na maulamaa wa Sunna wamekubaliana kuwa Mwislamu hatoki katika Uislamu kwa dhambi alizozitenda hali ya kuwa anajua kuwa ni dhambi. Akifa, kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutoshelezana. Wakiiacha wote, wote wana dhambi. Hapana sharti katika fikihi lisemalo kuwa kwanza itazamwe kazi yake.

Kijana mmoja katika darasa letu la baada ya Magharibi aliniuliza: "Maalim, yafaa kumwombea rehema mwanamuziki?"

Nikamwuliza: "Amekufa hali ya kuwa Mwislamu?"

Akasema: "Ndiyo."

Nikamwambia: "Basi kwa nini isifae?"

Akafikiri, kisha akasema: "Kwa sababu dhambi yake bado inasikika, Maalim. Kila siku hapa stendi inapigwa."

Suala hili ni zito, ndugu msomaji, na yule kijana hakuwa mjinga. Sote twajua kuwa mtu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, yaani sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemwombea. Twajua pia kuwa mwenye kuanzisha jambo baya hupata sehemu ya dhambi za wanaomfuata. Lakini nilimjibu hivi: Mwanangu, ikiwa ni kama usemavyo, basi huyo ana haja ya dua zako kuliko maiti wengine wote. Tena tazama vizuri ni nani anayeifanya sauti hiyo iendelee. Maiti hana kidole cha kubonyeza redio. Anayebonyeza ni mtu aliye hai, mwenye akili zake, ambaye keshokutwa ataulizwa kwa kidole chake. Ukitaka kumpunguzia maiti mzigo, zungumza na mwenye kidole.

Upande wa pili wapo wanaokosea kwa sifa. Tarehe 12 Januari 1979 Mbaraka Mwinshehe, mzaliwa wa Mzenga, Kisarawe, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Tangu hapo kila ifikapo Januari utasikia katika redio maneno yale yale: ameacha pengo lisilozibika, hatasahaulika daima, ataishi milele katika mioyo yetu. Maneno haya humwagwa kwa kila mwimbaji anayekufa, hata yamekuwa kama kanzu ya kukodi, kila maiti huvishwa hiyo hiyo. Ama "milele" ni sifa ya Mwenyezi Mungu peke yake. Na sifa inayompata kila mtu haimsifu yeyote. Mtume s.a.w. ametukataza kupiga mayowe juu ya maiti na kurarua nguo. Anayejirarua kwa maneno mbele ya kipaza sauti, kisha akaweka tangazo la biashara, naona hayuko mbali na makatazo hayo.

Wala hatukukatazwa kuhuzunika. Mtume s.a.w. mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim. Al-Khansa, yule mshairi wa Kiarabu, aliomboleza ndugu yake Sakhr kwa mashairi yanayosomwa mpaka leo, na imepokewa kuwa Mtume s.a.w. alipenda kusikia akisoma. Umm Kulthum alipofariki Cairo mwezi wa Februari 1975, umati wa watu uliuchukua mwili wake kutoka mikononi mwa waliopangwa kuubeba, ukaupeleka katika msikiti wa Sayyidna Husayn. Tafakari jambo hilo. Watu wale walimjua katika kumbi za muziki kwa miaka mingi, na siku ya kifo chake hawakumpeleka ukumbini. Walijua maiti hupelekwa wapi.

Katika haki ya ulimi naingiza pia haki ya jicho. Tarehe 24 Aprili 2016 mwimbaji wa Kongo, Papa Wemba, alianguka jukwaani mjini Abidjan, akafa. Picha za kuanguka kwake zilienea katika simu za mkononi, na huku mpakani, ambako watu wa Kongo na wetu hukaa pamoja, wengi walizitazama tena na tena kama mtu atazamavyo mpira. Yule hakuwa wa dini yetu, lakini adabu ya mauti haichagui dini. Mtume s.a.w. alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoambiwa huyo ni nani, akajibu kwa kuuliza kama yule si nafsi. Mtu akikata roho ni wa kusitiriwa. Usimtumie ndugu yako picha ya mtu anayekufa, hata kama alikuwa mashuhuri, kwani umashuhuri haumwondolei mtu utu wake.

Haki ya pili ni habari zake, na hapa nitasema kama mtu anayependa vitabu.

Tukitaka kujua mwimbaji hukumbukwa vipi kwa insafu, tunaye mwalimu wetu wenyewe wa Pwani. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950. Marehemu Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, akaandika kitabu kizima, Wasifu wa Siti binti Saad. Hakukaa kuorodhesha nyimbo tu. Alimtafuta mtu: alikozaliwa, umaskini wa wazazi wake, kazi ya ufinyanzi na kuuza vyungu, bidii yake, na namna alivyofika Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri, wakati ambapo wengi hawakumtazamia mwanamke wa shamba kwenda popote. Mzazi aweza kumsomea binti yake kitabu kile asione haya, na binti akatoka na somo la subira na juhudi, hata kama mzazi huyo hakubaliani na taarabu. Hii ndiyo kazi ya wasifu. Humchambua mtu, ukatwaa lililo jema lake na ukaonywa kwa lililobaki.

Na kabla ya Shaaban Robert tunayo Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ambayo wazee wa Lamu na Mombasa waliihifadhi vifuani. Utungo ule huwakumbuka matajiri wa Pate na majumba yao yaliyokuwa yaking'ara, kisha yakawa makao ya popo na ndege. Lakini angalia adabu yake. Hauwatukani mabwana wale, wala hauwatukuzi. Huichukua fahari yao iliyokwisha, ukaifanya kioo, na anayejitazama ndani yake ni mshairi mwenyewe na moyo wake. Mtu akimkumbuka maiti namna hii, maiti hanyanyaswi na aliye hai hafaidi bure.

Sasa linganisha na vipindi vyetu vya kumbukumbu. Mtangazaji hutaja jina, hutaja bendi, hupiga nyimbo tano, huingiza salamu za wasikilizaji, basi. Umesikiliza saa nzima na hukujua aliyekufa alikuwa mtu wa namna gani. Mbaraka huyo alisafiri na Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, katika maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1970. Na Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa Isimani tarehe 25 Desemba 1971, Mbaraka alitoa wimbo juu ya kifo hicho. Yaani naye alipata kukaa mahali tulipokaa sisi leo, mahali pa kumkumbuka maiti. Kipindi chenye akili kingeuliza: aliyewaombolezea wengine, aliwaombolezea vipi? Sisi twamwombolezea kwa adabu hiyo au kwa adabu pungufu?

Insafu hudai pia kwamba nyimbo zenyewe zipimwe, kila wimbo kwa kipimo chake. Siti aliimba habari za Kijiti, muuaji wa mwanamke, na za mahakama ambayo adhabu yake iliwaangukia mashahidi. Huo ulikuwa ushahidi wa wanyonge, na hata asiyeruhusu ala hawezi kukanusha kuwa maana yake ni kulalamikia dhulma. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kongo na kufariki Dar es Salaam mwaka 2010, alitoa wimbo wa Mambo kwa Soksi kuhusu ukimwi, na Radio Tanzania haikukubali kuupiga. Mimi siukubali ushauri ulio ndani yake, kwani tiba ya zinaa ni kuiacha zinaa, wala si kuifanyia hadhari. Lakini mji kama huu wetu, wenye madereva wanaolala safarini na wanawake waliokuja kutafuta riziki, ulikuwa katika hatari kubwa, na wapo wakubwa waliokuwa kimya wakati ule. Remmy hakunyamaza. Mwishoni aliacha dansi, akafuata dini yake ya Kikristo, na hakuwa akisali nasi alipokufa. Hata hivyo Qurani imetuamrisha kuwa kuwachukia watu kusitufanye tukaacha uadilifu, sembuse mtu ambaye hatumchukii. Mwambie mwanao: hapa alisema kweli, na hapa alipotoka. Mtoto aliyefundishwa hivyo hatapotezwa na sauti tamu, wala hatakuwa mwenye kutukana ovyo.

Haki ya tatu, ndugu msomaji, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nayo ni mali.

Hapa Mbozi, mkoani kwetu, katika kilima cha Marengi, kuna kimondo, pande kubwa la chuma lililoanguka kutoka mbinguni zamani sana. Wageni huja kukitazama. Ukikikagua vizuri utaona mahali palipokatwa, kwani kabla hakijatunzwa, watu walikata vipande wakaenda navyo. Watu huwaita waimbaji nyota. Nami kila nikiziona alama zile huwakumbuka nyota wetu walioanguka, maana hali yao ni hiyo hiyo. Kila apitaye hukata kipande. Mwenye baa hukata chake, muuza nyimbo za kutia katika simu hukata chake, mwandaaji wa onyesho la kumbukumbu hukata chake kwa kiingilio. Na watoto wa marehemu je?

Tuijue historia ya jambo hili. Katika miaka ya 1960 na 1970 wanamuziki wengi wa dansi Tanzania bara walikuwa waajiriwa. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama tawala. Mwanamuziki alipata mshahara wake wa mwezi, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Nyimbo nyingi zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania. Kisha ukaja wakati wa kanda, na kanda zikanakiliwa na kuuzwa mitaani bila ya kumwuliza aliyetunga. Hivyo mtu aliweza kufa huku sauti yake ikiwa katika kila nyumba, na nyumbani kwake hakuna unga. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ndiyo iliyotuletea chombo cha COSOTA, na sheria hiyo iliweka haki ya mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, haki ya aliyekufa mwaka 1979 yafika mwaka 2029. Ama Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, miaka yake 50 ilikwisha 2015.

Hiyo ni sheria ya serikali. Sharia yetu yasemaje? Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, Desemba 1988, ilikata shauri kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazotambuliwa na sharia, ni za wenyewe, na haifai kuzidhulumu. Na kitu kikiwa ni mali ya mtu, akifa huwa ni mirathi. Hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha warithi. Mke ana thumuni yake ikiwa mume ameacha mtoto, na watoto wana mafungu yao. Mafungu haya hakuyagawa kadhi. Ameyagawa Mwenyezi Mungu mwenyewe. Na katika Sura hiyo hiyo ya Mirathi, Suratun Nisaa, wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wametishwa kuwa wanakula moto.

Hapa mjanja mmoja ataninyoshea kidole: "Sheikh, wewe umesema ala ni haramu kwa wengi. Mali ya haramu haina mrithi. Basi mjane hadai kitu." Mpenzi msomaji, sikiliza vizuri, kwa maana neno hili hudanganya. Ukisema nyimbo hizi ni halali, basi pato lake ni mirathi, na wewe unayelila ni mdeni wa warithi. Ukisema ni haramu, basi ni haramu kwako wewe kabla ya kuwa haramu kwa mjane: usizipige, usitoze kiingilio, usiziuze. Tena hata kwa kauli hiyo kali, mali isiyo halali hutolewa kwa maslahi ya watu wote; haigeuki kuwa riziki safi ya yule aliyeitwaa. Shika njia yoyote kati ya hizi mbili, na katika zote mbili fedha ile haibaki mfukoni mwa mwenye baa. Anayewafunga mayatima kwa fatwa ya haramu, na yeye akajifungulia kwa fatwa ya halali, huyo hana madhehebu, ana tumbo.

Mfikirie mwanamke mmoja, na wa namna hii wanaweza kuwa wengi katika miji ya barabarani. Mumewe alipiga gitaa katika bendi, akafa, naye sasa anakaanga mihogo kando ya foleni ya malori. Usiku anaisikia kazi ya mikono ya mumewe ikitoka katika baa iliyo mita 50 kutoka kwenye jiko lake. Ndani watu wanakunywa na kusema: "Tunamuenzi mzee wetu." Hakuna hata mmoja aliyenunua muhogo. Niambie wewe, hapo ameenziwa nani?

Na tukumbuke jambo la deni. Ililetwa maiti ili Mtume s.a.w. amsalie, akauliza kama ana deni. Alipoambiwa kuwa anadaiwa dinari chache na hakuacha cha kulipia, aliwaambia masahaba wamsalie wao. Ndipo Abu Qatada r.a. alipolichukua deni lile juu yake, na Mtume akamsalia. Kama deni la dinari chache lilikuwa na uzito huo kwa maiti, basi urafiki wa kweli na mwimbaji aliyekufa unajulikana mahali pake. Yule shabiki asemaye kuwa alimpenda Mbaraka au Marijani au Gurumo, na auliza kama marehemu aliacha deni, huyo nitamsadiki. Yule anayejua maneno yote ya nyimbo zake na hajui jina la mtoto wake hata mmoja, huyo alipenda starehe yake tu.

Basi tufanye nini? Mambo si magumu. Ukisikia jina la mwimbaji Mwislamu aliyekufa, sema, "Mwenyezi Mungu amrehemu," na uzuie ulimi wako usiongeze. Ukiwa na habari zake njema za kweli, zihadithie, na ikiwa una elimu ya kalamu ziandike, kwani wazee waliocheza katika bendi hizo wanakwisha mmoja mmoja. Ukiwa katika kamati ya kumbukumbu yoyote, jambo la kwanza katika ajenda liwe familia: wameulizwa? wameridhia? fungu lao ni kiasi gani, na nani atalipeleka? Ukitaka kumtolea marehemu, toa sadaka inayoendelea kwa jina lake, kama vile kisima, mabati ya madrasa, ada ya mtoto wake aliye shuleni. Kisima hakiulizi marehemu alifanya kazi gani. Kila anayekunywa humfikishia thawabu, inshallah. Na wewe mzazi, usimfiche mwanao majina haya. Mwanao atayasikia tu, kama si nyumbani basi barabarani, na ni bora ayasikie kwako pamoja na mizani ya kuyapimia.

Hapa Tunduma lori likivuka mpaka, sauti iliyomo ndani yake huvuka nalo, ikasikika Nakonde, na kesho ikasikika mbali zaidi. Aliyeiimba havuki popote. Yuko pale pale alipowekwa, anangoja kimoja katika viwili: dua ya mtu anayemtakia heri, au haki yake iliyoko mikononi mwa watu. Tumpe vyote viwili kabla sisi wenyewe hatujawa wa kungoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu maiti wetu, waliojulikana na wasiojulikana, awahifadhi mayatima wao, na atujaalie mwisho mwema. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.